Macho ya Mwanafunzi Ugenini

Siku moja nilialikwa katika karamu ya kumpokea kijana aliyerudi kutoka masomoni Uingereza. Nyumba ya baba yake iko juu ya kilima, katika njia itokayo Kericho kwenda Bomet, mahali ambapo mashamba ya chai huteremka hadi bondeni na mvua ya alasiri hunyesha karibu kila siku. Ng'ombe alichinjwa. Ugali wa wimbi ulipikwa pamoja na mboga ya mgagani, na mbele ya kijana kililetwa kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Wazee walimshukuru Mungu. Kijana alisimama akaeleza habari za shahada yake, nasi tukampigia makofi, maana alistahili.

Kisha bibi kizee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akaomba ruhusa ya kuuliza neno.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimechuma majani ya chai tangu nikiwa msichana. Siku zote tunaambiwa kuwa majani yetu hupelekwa ng'ambo, kwa watu hao uliokaa kwao. Sasa nieleze: wao huinywaje chai yetu? Huichemsha pamoja na maziwa kama sisi? Na wanapoinywa, hujua imetoka wapi?"

Kijana akatabasamu kwa haya. "Kogo," akajibu, akimwita kwa jina ambalo Wakipsigis huwaitia nyanya zao, "hilo silijui. Sikuingia katika nyumba zao. Nilikuwa nikitoka darasani naingia chumbani mwangu, najipikia ugali wangu, nasoma, nalala. Mlinituma kusoma."

Watu wakacheka, na mzee mmoja akasema kwa sauti kubwa kwamba huyo ndiye mwanafunzi wa kweli, asiyetangatanga. Bibi yule hakucheka. Alivitazama vidole vyake, ambavyo utomvu wa majani umevitia weusi usiotoka kwa sabuni, akarudi kuketi mahali pake.

Nilitaka kusema neno wakati ule, lakini karamu ya mtu si mahali pa kubishana. Basi nalisema sasa, kwa ajili yenu ninyi mlio katika shule za sekondari, ambao baadhi yenu kesho mtavuka bahari. Nasema kwamba mwanafunzi aliyekaa katika nchi ya watu miaka minne bila kuitazama nchi hiyo, bila kula chakula chake na bila kuketi na wenyeji wake, amerudi na nusu ya elimu. Na nusu aliyoiacha nyuma ndiyo iliyokuwa ngumu kuipata. Kitabu chaweza kununuliwa kikaletwa Kericho. Meza ya mwenyeji, soko lake, desturi zake na majibu yake kwa maswali yetu haviletwi. Sharti mtu avifuate.

Najua kwamba kauli hii ina wapinzani, nao si wajinga. Wako wa namna tatu, na kila mmoja anastahili jibu lake.

Wa kwanza ni mzee aliyesifu katika karamu ile. Neno lake ni hili: safari ya masomo ni ghali. Baba ameuza ng'ombe. Mama ametoa bonasi yake ya chai, ile inayongojewa mwaka mzima. Majirani wamechanga katika harambee, mwenye mia akatoa mia. Je, fedha hizo zilitolewa ili kijana akatazame majumba na kuonja vyakula? Mzee huyu ana methali yake tayari: mtembezi hula miguu yake.

Sitamdharau mzee huyu. Wamekuwako vijana waliokwenda ng'ambo wakapotelea katika starehe, wakarudi bila shahada, au wasirudi kabisa, na deni likabaki kwa wazazi. Mwanafunzi anayeacha somo lake kwa ajili ya matembezi ni mwizi wa jasho la watu, nami simtetei hata kidogo. Lakini mzee amechanganya mambo mawili yasiyofanana: starehe na kuona. Starehe hugharimu fedha. Kuona hugharimu zaidi miguu na ulimi wa kuulizia. Huko London, Jumba la Makumbusho la Uingereza, liitwalo British Museum, lilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1759, na hata leo mtu huingia kutazama hazina zake za kawaida bila kulipa kiingilio. Soko la mji halitozi mtu kwa kulipita. Bustani za watu wote, mito, madaraja na makaburi ya mashujaa havina kiingilio. Mwanafunzi asemaye kwamba alikosa fedha za kuiona nchi aghalabu alikosa nia.

Tena wahenga waliosema kwamba mtembezi hula miguu yake ndio waliotuambia pia: tembea uone. Methali ya kwanza humkanya mzururaji, na ya pili humwamsha mlegevu. Mzee alimpa kijana moja, akaificha nyingine.

Na tukitazama historia yetu wenyewe, tutaona kwamba wasafiri wenye manufaa ni wale waliofumbua macho. Mwaka 1331 mwanachuoni mmoja wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka katika mji wa Mogadishu, akakaribishwa katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa sheria. Alikuwa mtu wa elimu katika nyumba ya elimu, na angeweza kukaa humo na vitabu akasema kwamba hakuja kula. Yeye alikula, akauliza, na baadaye akasimulia. Ametuachia habari ya wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa katika maziwa, maziwa ya mgando, malimau ya achari, tangawizi na maembe. Kisha akateremka hadi Mombasa na Kilwa, na huko pia akatazama na kukumbuka. Leo mtoto wa pwani akitaka kujua mababu zake walikula nini karibu miaka 700 iliyopita, humwendea mgeni huyo. Kama angejifungia, tungepungukiwa na sehemu ya historia yetu.

Wala sifa hii si ya wageni peke yao. Amur bin Nasur wa Unguja alikwenda Berlin mwaka 1891 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, akaandika habari za safari yake na mambo aliyoyaona Ulaya. Salim bin Abakari alimfuata Mjerumani mmoja hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ham Mukasa wa Buganda alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza mwaka 1902, wakati wa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akaandika kitabu kizima. Watu hao waliondoka katika Afrika iliyokuwa ikitawaliwa au kuingiliwa na wageni. Waliotuzunguka walidhani kwamba kutazama na kuandika ni haki ya Mzungu atazamapo Mwafrika. Watu hawa waliugeuza uso wa kioo, wakamtazama Mzungu nyumbani kwake. Itakuwa aibu ikiwa sisi, tusafirio kwa ndege na kubeba kalamu, tutaona machache kuliko wao.

Mpinzani wa pili ni mwanafunzi mwenyewe, yule aliyejifungia. Yeye hasemi habari za fedha. Husema kwamba chakula cha wageni hakina ladha, au kinamchefua. Kwamba wenyeji ni baridi kama hewa yao. Kwamba anaona heri kukaa na wenzake wa nyumbani, wapike ugali, wazungumze lugha yao, wangojee siku ya kurudi. Ninamhurumia huyu, maana upweke wa ugenini ni kitu kizito, na sahani ya ugali usiku wa baridi ni dawa. Hakuna anayemkataza dawa hiyo. Lakini dawa ikiliwa asubuhi, mchana na jioni kwa miaka minne, huacha kuwa dawa.

Na atafakari jinsi sisi tunavyowapima wageni wetu. Mgeni akija Bomet akaletewa kikombe cha mursik, akaona vijivu vya mkaa ndani ya maziwa, akageuza uso, tutasema nini usiku atakapokuwa amekwenda? Tutasema kwamba ametudharau. Lakini akiuliza, "Hiki hutengenezwaje? Mbona mkatia mkaa?", mama mwenye nyumba ataleta kibuyu kitupu, atamwonyesha fito ya senetwet, atamweleza jinsi ncha inavyochomwa na kusuguliwa ndani, na siku ngapi maziwa hukaa. Hata kama atakunywa funda moja tu, atakuwa rafiki. Basi ikiwa twamtaka mgeni awe hivi kwetu, kwa nini sisi tusiwe hivi kwake? Anayekatazwa chakula fulani na dini yake asikile. Kukataa kwa adabu na kueleza sababu pia ni mazungumzo mema. Ninalolaumu ni kufunga mlango kabla ya kujua kilichopikwa.

Wala jambo hili si la adabu tu. Chukua mfano wa binti wa Bomet aliyekwenda Uingereza kujifunza uuguzi. Wodini amelala mzee asiyetaka kula. Kitabu kimemfundisha binti huyo habari za protini na vitamini. Hakikumfundisha kwamba mzee huyu alizoea chakula cha namna fulani tangu utoto, akakizoea siku fulani ya juma, tena mezani pamoja na watu. Binti aliyeketi katika meza za wenyeji atalijua hilo, atauliza swali lifaalo, na mgonjwa atakula. Aliyejifungia atarudisha sahani ikiwa imejaa, aandike katika daftari kwamba mgonjwa amekataa. Wote wawili walifaulu mtihani ule ule.

Mpinzani wa tatu ni hatari kuliko wote, kwa kuwa hujidhania kuwa yuko upande wangu. Huyu hutembea sana. Kila mnara maarufu ameufikia, kila sahani ya ajabu ameiagiza. Lakini humfikia mnara akaupa mgongo, akainua simu, akajipiga picha, akaondoka. Sahani yake hupoa akiipiga picha. Ukimuuliza mnara ule ulijengwa lini, na nani, kwa fedha za nani, hajui. Ukimuuliza chakula kile kilitokana na mmea gani na huliwa wakati gani, hajui. Amezunguka nchi nzima na kuleta nyumbani sura yake mwenyewe, ambayo tulikuwa tukiijua kabla hajaondoka. Mzee wa karamu akimwona huyu, husema, "Mnaona? Hayo ndiyo matembezi." Mimi nasema si matembezi. Ni kujifungia kwa namna nyingine, maana chumba chake amekibeba.

Kuona ninakokutetea kuna alama moja: swali. Na hapa narudi kwa yule bibi, kwa kuwa aliuliza maswali matatu katika karamu, na maswali hayo yalikuwa mtihani mkubwa kuliko yote aliyofanya kijana wetu. Hebu tujaribu kuyajibu, ili ionekane thamani ya kile alichokiacha.

Wao huinywaje chai yetu? Sisi katika Kericho hutia maji, maziwa na majani katika sufuria moja, tukavichemsha pamoja hadi rangi ikolee, tukatia sukari. Waingereza wengi hutia majani, ambayo siku hizi yamo katika vifuko vidogo, ndani ya kikombe au birika, wakamimina maji yaliyochemka, wakangoja kidogo, kisha wakaongeza maziwa baridi. Huko Pakistan, nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, watu huichemsha pamoja na maziwa karibu kama sisi. Bibi angefurahi kusikia kwamba katika nchi ya mbali wako watu wanaopika sufuria kama yake.

Je, hujua imetoka wapi? Hapa jibu ni chungu. Wengi hawajui. Majani yaliyochumwa mawili na kichipukizi chake hupelekwa kiwandani siku ile ile. Hunyaushwa, hukatwakatwa na kusagwa kwa mashine, huachwa yapate hewa hadi ukijani ugeuke wekundu wa shaba, hukaushwa kwa joto, huchekechwa, hutiwa katika mifuko na kupelekwa Mombasa. Huko huuzwa kwa mnada, ambao ulianza Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka 1969. Akishanunua, mfanyabiashara wa ng'ambo aghalabu huichanganya na chai za nchi nyingine, kwa kuwa chai yetu ina nguvu na rangi inayoinua zile zilizo dhaifu. Kisha huipa jina lake mwenyewe. Jina la Kericho hupotea katika mchanganyiko huo, na faida iliyo kubwa hupatikana baada ya jina kupotea.

Sasa tazama jinsi chakula cha wenyeji kingemfundisha kijana wetu jambo hili. Laiti angekula kipande cha jibini na kuuliza jina lake! Iko jibini ya Ufaransa iitwayo Roquefort, kwa jina la kijiji kimoja kidogo chenye mapango. Tangu mwaka 1925 sheria ya Ufaransa imelilinda jina hilo: jibini isiyokomazwa katika mapango ya mahali hapo haiwezi kuitwa Roquefort. Wafugaji wa kondoo wa nchi ile hawakuuza maziwa peke yake. Waliuza jina la kwao, na mnunuzi hulilipia. Iko na jibini ya Kiingereza iitwayo Cheddar, kwa jina la kijiji cha Somerset. Jina hilo halikulindwa hivyo, na leo jibini iitwayo Cheddar hutengenezwa kila pembe ya dunia, wala kijiji hakipati kitu kwa kuitwa.

Kijana wa Kericho akiyajua hayo kwa kula na kuuliza, lazima swali litamjia: je, chai yetu imefuata njia ya Roquefort au ya Cheddar? Nifanye nini nikirudi ili njia ibadilike? Swali hilo laweza kuwa na thamani ya mamilioni ya shilingi kwa wakulima wadogo wa Kericho na Bomet. Nalo lilikuwa limekaa sahanini, mwendo wa dakika chache kutoka chumba alimojifungia.

Hali kadhalika na majengo. Mwanafunzi akitembezwa katika nyumba za fahari za Uingereza, haitoshi kustaajabu. Aulize fahari ile ililipiwa na nani, na majibu mengine yatamrudisha nyumbani. Chai ilipandwa kwanza nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa ya Kiingereza yakaanza kuilima Kericho, katika nchi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya wenyeji. Mwaka 1934 serikali hiyo ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto na maradhi. Mwaka 2022 madai ya waliodhulumiwa yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg. Na fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilikaa Uingereza miaka 100 hivi kabla ya kurudishwa mwaka 2006. Miongoni mwa vitu vya kutazamwa ng'ambo, basi, vimo vyetu. Nani atavitambua ikiwa watoto wetu wamekaa vyumbani?

Lakini hapa yapo lawama yanayotuhusu sisi tuliobaki. Yule kijana hakupoteza macho yake katika uwanja wa ndege. Alikuwa hana mazoea ya kuona tangu nyumbani. Ni wangapi kati yenu, mliolelewa kati ya miche ya chai, mmewahi kuingia kiwandani na kufuata jani hadi mfukoni? Ni wangapi mnajua kwamba mto Nyangores, ambao maporomoko yake huendesha mitambo ya umeme wa hospitali ya Tenwek, ndio unaoungana na Amala na kuwa mto Mara, ule ambao nyumbu huuvuka na watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuwatazama? Ni wangapi mmeingia katika hekalu la Masingasinga mjini Kericho, ambamo kila mtu hupewa chakula bila malipo na bila kuulizwa dini yake?

Nalitaja hekalu hilo kwa sababu maalumu. Baba Puran Singh aliishi Kericho miaka mingi, akaheshimiwa kwa kazi na ibada yake, kisha katika miaka ya 1970 akahamia Uingereza. Huko akaanzisha jumuiya ambayo hekalu lake liko katika barabara ya Soho, mjini Birmingham, na wafuasi wake hata leo hulihusisha jina lake na Kericho. Mwanafunzi wetu akifika Birmingham mwenye njaa na upweke, aweza kuingia hapo, akaketi sakafuni pamoja na watu wote, akala mkate na dengu, na akisema kwamba ametoka Kericho, hataonekana mgeni kabisa. Lakini ataingiaje mlango wa Birmingham, ikiwa mlango wa Kericho aliupita kila siku bila kuuliza ndani kuna nini?

Basi anzeni sasa, kabla ya hati ya kusafiria. Nendeni kiwandani, mkaombe kwa adabu kuonyeshwa kazi. Waulizeni wachumaji wa chai. Mkifika shuleni mwenzenu aliyetoka Lamu au Turkana, msimcheke chakula chake, muulizeni hupikwaje. Katika Chuo Kikuu cha Kabianga na vyuo vingine vya kwetu wako wanafunzi waliotoka mbali, ambao kwao Kericho ndiyo ugenini. Wakaribisheni nyumbani, maana anayejua kukaribisha hujua pia kukaribishwa. Na siku mtakapovuka bahari, chukueni daftari moja lisilo la darasani. Kila juma andikeni mahali pamoja mlipopaona, chakula kimoja mlichokula, na swali moja mliloulizwa au mliloliuliza. Hayo hayatawanyima shahada. Saa chache za Jumamosi zatosha.

Nasi wazazi na majirani tubadili maneno yetu ya kuagana. Tuache kumwambia kijana kwamba amekwenda kusoma, hakwenda kutembea. Tumwambie: "Nenda usome kwa bidii, maana jasho letu limo. Ukimaliza kusoma, fungua mlango utoke. Tazama jinsi wanavyolima, wanavyojenga, wanavyowatunza wazee wao, na pale walipokosea pia. Kula kwao ukipewa. Waeleze habari zetu wakiuliza, na kama hawakuuliza, waulize wewe. Kisha urudi utuambie."

Yule bibi bado yu hai, na msimu huu bado anachuma. Hakupewa jibu siku ile, na swali lake lingaliko. Natumaini kwamba mmoja wenu atakapofanyiwa karamu, naye bibi akasimama tena karibu na mlango, hatarudi kuketi akivitazama vidole vyake.